Mtunga Shanga wa Sindeni

Wenzangu wakiandika habari za mtu huanza na baba yake, wakapanda kwa babu yake, wakashuka mpaka mahali kitovu chake kilipozikwa. Mimi sina hayo. Jirani yangu mtunga shanga sikumwuliza alizaliwa wapi, naye hakupata kusema; ukimwona ungedhani amezaliwa asubuhi ile ile, akavaa, akatoka. Sindeni nzima ilimwita Bibi, nami nilimwita Bibi. Jina lake nililiandika mara moja tu, katika karatasi ya serikali. Heri nisingeliandika.

Nilikuwa karani wa akida siku za Mdachi. Nilipelekwa shule ya serikali Tanga, nikasoma mpaka madarasa ya juu ya ukarani, na msomaji asidhani hayo ni majivuno, maana nililia tangu Korogwe gari la moshi lilipoanza kutembea hadi Muheza, na nilikuwa nimeshaota ndevu. Nilipomaliza nilirudi nyumbani kama mbuzi aliyekatika kamba, nikaapa kutoondoka tena. Tangu siku hiyo safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani kwa akida, na hata hiyo nilipumzika njiani, kwa Bibi.

Alikuwa akivaa. Sijui niseme vipi zaidi. Sisi wengine tulikuwa tukijifunika. Kaniki yake ilikuwa moja, nyeusi, ya zamani, lakini aliifua kwa majivu, akaikunja ingali mbichi na kuilalia, asubuhi ikawa na mikunjo iliyonyooka kama imechorwa. Mikononi alivaa masango, zile nyaya nene za shaba za enzi ya misafara, akizisugua kwa ndimu mpaka zinawaka. Shingoni hakuvaa kitu. Mtunga shanga asiye na shanga! Nilipomwuliza alisema shingo yake ina deni la heshima, halijalipwa, na haipambwi mpaka hapo. Nikadhani ni maneno ya kikongwe.

Kisimani alikwenda kama anayekwenda kuolewa. Mama mmoja alimwuliza kama leo kuna harusi. Akajibu kwamba kuna maji, na maji ni kioo, hataki kuyaonyesha uso wa juzi. Wanawake walicheka, kisha, nikaona kwa macho yangu, wiki ile ile wawili watatu walianza kujifunga vizuri kabla ya kutwaa mtungi. Hakumfundisha mtu. Alipita tu.

Mimi alinifundisha kwa kunisema. Siku ya kwanza kabisa, nikienda kazini na kanzu niliyoona ni safi, aliniita mlangoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Karani," akasema, "kanzu yako inakulilia."

Nikamwambia kanzu hailii. Akasema inalia kwa kuwa shingo yake imeshonwa na mtu aliyekuwa na njaa. Akaniketisha, akaifumua hapo hapo nikiwa ndani yake, akaishona upya kwa uzi wa rangi ya majani makavu, mchoro mdogo kama nyayo za kwale. Nilifika kwa akida nimechelewa na nimependeza. Akida, ambaye alikuwa mtu wa pwani na hapo kabla hakuwahi kunitazama, aliniuliza nimenunua wapi.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo kama zetu, lakini ukutani alibandika karatasi za jora. Msomaji wa siku hizi huenda hazijui: majora ya nguo yalikuja na karatasi ya nembo imegandishwa juu, ina simba, au meli, au mwanamke wa Kihindi amekaa juu ya mwezi. Wenye duka walizitupa. Yeye aliziokota, akazibandika kwa uji wa muhogo, si ovyo, bali kwa rangi: nyekundu zilianza mlangoni, zikapauka kidogo kidogo mpaka kitandani, ambako zilikuwa nyeupe karibu zote. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ndivyo jua linavyoingia, na kitu kikipangwa kama jua hakichoshi macho. Maboga yake vilevile aliyapanga barazani kwa rangi. Hata kuni. Nilicheka kuni zilizopangwa kwa rangi, kisha nikarudi kwangu nikazitazama zangu, nikaona haya.

Sasa kazi yake. Zamani misafara ilipanda kutoka Pangani kufuata mto, ikapita Korogwe, ikaendelea hadi nyika za Wamasai kutafuta pembe. Mzigo mkubwa ulikuwa shanga. Wageni wengi walifikiri shanga ni shanga. Walibeba magunia ya shanga zisizotungwa, rangi walizozipenda wao, wakafika huko Wamasai wakazitazama kama unavyotazama kokoto. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi ya mwaka juzi mwaka huu ni aibu. Tena zilitakiwa zimeshatungwa, kila uzi urefu mmoja, la sivyo hazipokelewi. Kwa hiyo kabla ya kuingia nyikani msafara ulipiga kambi siku nyingi, watunga shanga wakatunga mchana kutwa. Bibi alikuwa mmoja wao. Mumewe alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele na kuonyesha njia. Yeye akifuata nyuma na kibuyu cha shanga na kitita cha nyuzi. Uzi alisokota mwenyewe kwa mkonge wa porini, ule mwembamba wenye madoadoa, si huu wa mashambani. Kipimo chake kilikuwa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole gumba.

"Shanga isiyotungwa ni mchanga," alikuwa akisema. Na wapagazi, alisema, wengi walikufa wamebeba mchanga.

Alikuwa na misemo, na misemo yake haikupatana. Aliniambia mwendo si miguu, mwendo ni macho, na kwamba anaweza kusafiri akiwa ameketi; kesho yake aliniambia mtu asiyetembea ni mtungi, hujazwa na wenzake. Aliponiambia hivyo alinitazama. Alisema kilichochakaa si kichafu. Alisema kanga, zile nguo mpya za maua makubwa walizoleta wenye maduka, ni nguo za kelele, mtu huvaa akiwa hana la kusema. Nami nilimfumania dukani ameikumbatia kanga moja, amezamisha pua yake ndani yake, anaivuta harufu ya upya kama mwenye mafua. Nilikohoa. Akairudisha, akasema alikuwa anakagua pindo.

Ukarimu hakuwa nao. Sindano hakumwazima mtu, hata mzazi. Mbuzi wa jirani akipita karibu na maboga yake alirushiwa mchi. Na uongo? Sindeni waliamini nusu ya safari zake ni uongo. Alisema kuna mlima umevaa kofia ya chumvi. Mimi, kwa elimu yangu, nikamweleza kwamba ile si chumvi, ni theluji, yaani maji yaliyoganda kwa baridi.

"Umeuona?" akaniuliza.

"Nimeusoma, Bibi."

"Basi nyamaza. Anayeuona ndiye anayeuita."

Reli hakuipenda. Gari la moshi, alisema, linafika, halisafiri. Na kweli tangu lilipofika Korogwe misafara ilikwisha. Vijana ambao baba zao walijua nyika kwa majina ya visima sasa walijua safu za mkonge kwa namba. Walikwenda Korogwe, wengine Magoma, na kipande, ile kadi ya kazi, mfukoni, siku zikatiwa alama, wakarudi na mikono imechanwa na miba, wakalala. Bibi aliwatazama wakipita mbele ya baraza lake, nguo za magunia, na mara nyingi nilimwona amefumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa hataki kuona. Sina neno la kuipamba hali ile. Watu walikuwa wanachakaa, na hapo hata yeye hakusema kwamba kilichochakaa si kichafu.

Deni la shingo yake alinieleza mwaka wa mvua mbaya, tukiwa tumejikinga kibarazani.

Safari yao ya mwisho, mumewe alipatwa na ndui, nyikani, mbele ya milima ya Pare. Msafara haukungoja. Mwenye msafara alisema mgonjwa wa ndui ni mgonjwa wa wote, akaacha maji kidogo, akaenda zake. Bibi alibaki naye peke yake siku tatu, na siku ya nne mume akafa. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma na yeye hakuwa na jembe. Akatokea mwanamke wa Kimasai aliyekuwa akitafuta ndama. Wamasai wakati huo hawakuzika. Maiti waliiacha nje, ndiyo desturi yao, na kugusa maiti ya mgeni mwenye ndui ilikuwa zaidi ya mwiko. Yule mwanamke alisimama mbali. Akamtazama Bibi akichimba kwa sango la mkononi. Kisha akaweka fimbo yake chini, akaanza kubeba mawe. Walibeba wote wawili mpaka jua likachwa, wakamfunika yule mume, fisi wasimpate. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, ila maneno machache ya biashara. Bibi alivua shanga zote alizokuwa nazo shingoni, akampa. Yule mwanamke akazikataa. Akagusa shingo yake mwenyewe, akachora kwa kidole mpaka begani, akacheka kidogo, kama kusema: ukirudi, niletee kubwa.

"Ndivyo nilivyoelewa," Bibi alisema. "Labda alikuwa anajikuna. Lakini nimeahidi."

Akaingia ndani, akanionyesha. Ulikuwa ukosi mpana wa ngozi ya mbuzi, umeshonwa shanga kuanzia shingo hadi mabegani, na sikupata kuona kitu kama kile wala sitaona. Nyeupe mbili tofauti, ya mfupa na ya maziwa, zimepishana hivi kwamba ukiugeuza unaona kama mawingu yanapita. Nyekundu ile ya damu iitwayo samesame, iliyokuwa haiji tena madukani. Aliikusanya moja moja, kutoka viunoni mwa vikongwe waliokufa. Alikuwa ameushona miaka. Ulibakia ukanda mdogo tu wa buluu. Na macho yake, alisema, yameanza kuona moshi mahali pasipo na moto. Alitaka kwenda kabla hayajafunga. Aufikishe ukosi, ayaone yale mawe, basi.

Akaniomba twende wote. Nikasema ndiyo, bila shaka, tukivuna. Tulivuna. Nikasema mvua zikiisha. Zikaisha. Nikaumwa kiuno, halafu goti, halafu kiuno tena. Mtu mwoga wa njia hana adui isipokuwa afya njema. Mwisho akasema atakwenda na wachunga mbuzi, mimi nimpatie cheti tu.

Maana nchi ya Wamasai ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyeingia bila cheti cha Bwana wa boma la Handeni, na barua ya kuombea ilitoka kwa akida, na barua za akida niliziandika mimi. Akida aliniambia maneno mawili: andika mjane, andika anazuru kaburi. Akaenda kula.

Nikaketi na kalamu. Sasa msomaji anielewe, si kwa kunihurumia. Kwa miaka mwanamke yule alikuwa amenifundisha kwamba kitu hakiendi uchi mbele ya watu. Nikalitazama neno mjane, nikaliona linalia kama kanzu yangu ya kwanza. Mtu aliyejua rangi za nchi nzima, aitwe mjane? Nikachovya wino, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa zenye mikia, na chini yake, mahali pa kazi: Mfanyabiashara Mashuhuri wa Shanga. Nikaitazama. Ilipendeza. Akida alipiga muhuri bila kusoma, maana aliamini mwandiko wangu.

Barua ilirudi kutoka Handeni imekatwa kwa penseli ya buluu, mstari mmoja, kutoka pembe hadi pembe. Hakuna biashara kwa Wamasai. Amri hiyo ilikuwa imetangazwa. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya baraza letu tangu mwaka uliopita, na mwandiko uliolinakili ulikuwa wangu. Nililinakili lote, nakala sita, na sikulisoma. Nilikuwa nikitazama mikia ya herufi.

Akida alikasirika kidogo. Alisema haiwezekani kuomba tena. Boma lina jina lake kama mfanyabiashara, tukimgeuza mjane tutaitwa waongo. Mimi nilikwenda kwa Bibi nikamwambia Mzungu amekataa.

"Kasema sababu?"

"Hakusema."

Akaukunja ukosi ndani ya kitambaa kikuukuu. Akasema Mzungu yule, Mungu amwonyeshe. Nami nikaitikia amina. Kwa sauti, nakumbuka.

Baada ya hapo aliendelea kuvaa, kupanga maboga, kunisema. Ukimtazama kwa mbali ungedhani hakuna kilichoharibika. Lakini karatasi za ukutani zikianguka hakuzirudisha, na ule ukanda wa buluu hakuumaliza. Sindano ilibaki imechomekwa kwenye ngozi. Kila Mmasai aliyepita Sindeni na mbuzi alimsimamisha, akamwuliza habari za mwanamke fulani na rundo fulani la mawe. Hawakujua. Akawashukuru, akawapa maji. Kisha nikahamishiwa Korogwe. Nilikwenda na kitanda changu vichwani mwa wapagazi wawili, watu wakadhani wamebeba mgonjwa, na hawakukosea sana.

Miaka ilipita kabla sijarudi. Korogwe na Sindeni si mbali, ni mwendo wa siku moja na malengelenge mawili, na mimi niliuona kama safari ya Hija. Nilikwenda niliposikia amepofuka.

Nilimkuta barazani, saa nne ya asubuhi, ameketi na ungo mapajani. Kaniki imekunjwa vilevile. Masango hayakung'aa. Nikamwamkia, akaitambua sauti, akasema karani amenenepa, sauti yake inatoka ndani ya mafuta. Nikacheka. Kisha nikaona kilichokuwa ndani ya ungo. Alikuwa anafumua ukosi.

Alikata uzi kwa jino, akavuta, shanga zikamiminika, akazitenga kwa ulimi: za mfupa upande huu, za maziwa upande ule, maana alisema za maziwa zina baridi zaidi. Nusu nzima ya ukosi ilikuwa ngozi tupu yenye matundu. Nikamwuliza, Bibi, kulikoni. Akaniambia kwa utulivu, kama anayesoma tangazo la mwingine. Mwezi uliopita amepita Mmasai anayemjua yule mwanamke. Amekufa, mwaka jana, baada ya watu wao kuhamishwa wakapelekwa upande mwingine wa nyika. Na pale mahali pana Mzungu mfuga ng'ombe. Mawe ameyakuta yamekusanywa vizuri, akajengea zizi.

"Kwa hiyo mume wangu ni zizi," alisema. "Shanga nimewagawia wasichana. Shingoni hawazitaki, wanasema ni za kizee. Wanazivaa kiunoni. Basi ziende huko, zikaone giza kama mimi."

Akakata uzi mwingine.

Sikupanga kusema. Niliyapeleka pale malengelenge na kilo moja ya sukari, sikupeleka neno. Lakini mwaka jana tu yule mwanamke alikuwa hai, na hesabu hiyo hata mtu wa shule ya chini angeifanya. Nikamwambia. Nikamwambia maneno mawili ya akida, na manne yangu, na mikia ya herufi, na nguzo ya baraza. Nilisema yote kwa mkupuo, nikitazama miguu yake.

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Ungeandika mjane," akasema, "wangenipa?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, umeshonwa na kunyooshwa. Nikauacha.

"Wangekupa, Bibi."

Kuku alikuja akadonoa ushanga mmoja chini, akautema. Nikamwomba anilaani, maana nilitaka kitu, chochote, cha kubeba kurudi nacho Korogwe.

"Miaka yote hii," alisema, "kila nikitawadha namlaani Mzungu wa watu. Sasa nianze upya na wewe?" Akatikisa kichwa, akapapasa mpaka akaupata uzi uliofuata. "Siwezi, karani. Nimeshakuzoea."

Akausogeza ungo katikati yetu, akanipa upande wake wa ngozi niushike ubane, apate kukata.